Kinu cha Kushindikia na Safari ya Neno "Usindikaji"

Neno "usindikaji" limeenea mno katika hotuba na maandishi yahusuyo mazao, na mkulima wa ufuta na korosho wa Chilangala, juu ya Uwanda wa Makonde wilayani Newala, amelizoea. Ni wachache, hata hivyo, wakumbukao kwamba neno hilo lilitoka katika kinu cha mafuta.

Kinu hicho kilikuwa cha pwani. Unguja na Lamu, gogo kubwa lilichimbwa mfano wa kinu cha kutwangia, likatiwa mchi mnene ulioegemea upande mmoja. Mchi uliunganishwa na boriti, nayo ikavutwa na ngamia aliyefungwa kitambaa machoni, akizunguka kutwa. Ufuta ulisetwa baina ya mchi na ukuta wa kinu hata mafuta yakatengana na shudu. Kazi hiyo ndiyo iliyoitwa kushindika. Kitenzi ni kile kile cha kushindika mlango, yaani kuurudisha bila ya kuutia komeo; maana ya msingi ni kusukuma kwa nguvu. Edward Steere alikiorodhesha "kinu cha kushindikia" katika kitabu chake cha Kiswahili cha mwaka 1870, pamoja na "kinu cha moshi", yaani kile cha mvuke. Steere huyo ndiye aliyefika Masasi mwaka 1876 pamoja na watumwa walioachwa huru, wakaanzisha makazi ya misheni.

Ngamia hakupanda uwandani. Nchi ya kusini ina mbung'o, na mbegu zenyewe zilikuwa na wanunuzi pwani: tangu miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Marseille walitafuta ufuta wa Afrika Mashariki kwa viwanda vyao vya mafuta na sabuni, na mwaka 1844 Ufaransa ikatia sahihi mkataba wa biashara na Sultani wa Unguja. Njia ya nyumbani isiyohitaji mashine ni kutwanga, kuchemsha, kisha kuengua mafuta yaeleapo. Njia hiyo hutaka maji mengi, na uwandani maji ya mvua huzama mchangani. Kwa miaka mingi kina mama waliyafuata chemchemi za mabondeni, wakapanda nayo kichwani. Bakuli la mafuta lilikuwa pia mitungi ya maji. Katika kazi hiyo hakuna kinachoshindikwa, na msanifu wa istilahi asiyelitambua hilo ataziita njia mbili kwa jina moja.

Viwanda vilipoongezeka baada ya Uhuru, umbo la "kusindika" lilipanuliwa likabeba kazi yote ya kugeuza mazao kuwa bidhaa: maziwa, matunda, nyama. Upanuzi huo ulikuwa wa busara, kwani neno lilikuwa la kwetu na kazi ilikuwa mpya. Korosho, kwa bahati njema, ilibaki na kitenzi chake, kubangua, hata viwanda vilipojengwa Newala na Masasi. Mafuta ndiyo yaliyopoteza: sasa twasema "mashine ya kukamua", kana kwamba alizeti ni ng'ombe au chungwa. Kukamua ni kazi ya vidole.

Napendekeza "kusindika" liachiwe maana pana, na "kushindika" lirudishiwe mafuta, pamoja na "shindikio" kwa mtambo wenyewe. Shudu halina haja ya kutetewa. Wafugaji wangali wakilinunua kwa jina hilo hilo.