Modeli ya Mlipuko: "Waliopona" au "Walioondolewa"?

Tarehe 4 Machi 1978 jarida la British Medical Journal lilichapisha taarifa fupi ya homa ya mafua iliyoikumba shule moja ya bweni ya wavulana nchini Uingereza. Kati ya wanafunzi 763, waliolazwa walikuwa 512, wote ndani ya wiki mbili, kuanzia Januari 22. Siku ya kilele, waliokuwa vitandani walikaribia 300. Hadi leo takwimu hizo hutumika kufundishia modeli za kihisabati za milipuko.

Modeli ya kihisabati ni milinganyo inayoeleza jinsi jambo linavyobadilika kadiri muda unavyopita. Wapo wanaoiita "kielelezo", lakini neno hilo limekwisha kubeba picha, michoro na hata ushahidi wa mahakamani. Nashikilia "modeli". Hii ya mlipuko ilitokana na kazi ya W. O. Kermack na A. G. McKendrick ya mwaka 1927, na huwagawa watu mafungu matatu: walio hatarini kuambukizwa, wanaoambukiza, na fungu la tatu ambalo kwa Kiswahili huelekea kuitwa "waliopona".

Hapo ndipo ninapopinga. Fungu hilo ni la kila aliyetoka katika mnyororo wa maambukizi, awe amepona, ametengwa au amefariki. "Walioondolewa" ndilo jina linalolifaa. Kupona ni kazi ya mwili, lakini kuondolewa kunaweza kuamuliwa na mwalimu wa zamu anayemtoa bwenini mtoto mwenye homa leo hii, asingoje kesho.

Hesabu inaonyesha uzito wa siku hiyo moja. Ukichukulia kwamba waliokuwa vitandani wanawakilisha wanaoambukiza (ni kurahisisha mambo, lakini ndivyo inavyofanywa mara nyingi), kila mgonjwa wa mwanzo huambukiza wenzake 3.7 hivi, katika muda wa siku kama mbili. Hiyo ndiyo namba ya msingi ya uambukizaji. Kwa namba hiyo, modeli inatoa kilele cha wagonjwa wapatao 290. Sasa kila mgonjwa atengwe baada ya siku moja tu: namba inashuka hadi 1.85, na kilele kinakuwa chini ya 100. Mlipuko haujazuiwa, maana namba bado imezidi 1, ila chumba cha wagonjwa hakitafurika. Kuuzuia kabisa kwa chanjo kungetaka wanafunzi wapatao asilimia 73 wawe na kinga kamili kabla ya mgonjwa wa kwanza.

Na kufunga shule je? Mwaka 2008 Simon Cauchemez na wenzake walitumia kumbukumbu za mafua na likizo za Ufaransa kulipima jambo hilo. Walikadiria kwamba katika janga la mafua, kufunga shule kwa muda mrefu kungepunguza jumla ya wagonjwa kwa asilimia 13 hadi 17 tu, ilhali kilele kingeshuka kwa asilimia 39 hadi 45. Faida kubwa, basi, ni hospitali kutozidiwa kwa mpigo. Nayo inategemea watoto wasikusanyike kwingine.

Ndiyo maana nawaomba waandishi wa vitabu vya afya na watunzi wa kamusi waandike "walioondolewa". Mwalimu akisoma "waliopona" ataona kazi yake ni kusubiri tu.