Slaidi Safi, Mgonjwa Anaungua

Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora iliishia hapa Ujiji, na mizigo ilisafiri na papasi. Mdudu huyu hujificha kwenye nyufa za sakafu ya udongo, hutoka usiku akanyonya damu, na kabla hakujakucha amesharudi shimoni. Siku kadhaa baadaye homa hupanda, hushuka yenyewe, kisha hurudi.

Mwaka 1904, huko Uganda, madaktari Ross na Milne waliona vijidudu vya umbo la msokoto katika damu ya wagonjwa wa homa hiyo. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, huko Kongo, Joseph Dutton na John Todd walikuwa wakichunguza homa hiyohiyo. Wote wawili waliugua, na Dutton akafia Kasongo Februari 1905. Kasongo ni Manyema, walikotoka babu zetu wengi wa Ujiji, ndiyo maana kifo hicho sikisomi kama habari ya mbali.

Nimefanya kazi ya maabara hapa Kigoma mpaka nikastaafu. Ukichukua tone nene wakati homa inapanda, ukalipaka rangi ya Giemsa, utaona nyuzi za zambarau zilizopindapinda. Homa ikishashuka, slaidi hutoka safi. Kingamwili zimevifagia vijidudu vingi. Vichache vilivyobadili ganda huzaana upya. Kwa hiyo kabla ya kushika sindano nilikuwa nauliza: “Mama, mtoto ameanza kutetemeka saa ngapi?”

Slaidi safi haikuwa na maana kwamba mgonjwa ni mzima, na sasa jambo lilelile limefika kwenye ini. Mwaka 1950 Jan Waldenström wa Sweden alieleza homa ya ini sugu ya wanawake vijana; baadaye ikajulikana kwamba kinga ya mwili ndiyo inayolishambulia ini, na vipimo vya kingamwili vikawa ndio mlango wa kuutambua ugonjwa. Lakini wapo wanaotoka hasi. Vigezo vya kimataifa vya 2008 havikuwafungia nje: hata bila kingamwili, mgonjwa anaweza kufikisha alama 6 kati ya 8, yaani huenda anao, iwapo hana virusi vya homa ya ini, IgG yake imepanda vya kutosha, na kipande cha ini kinaonyesha dalili zake bayana. Kwetu mwambaoni lazima kichocho nacho kitafutwe, maana nacho hukakamaza ini.

Daktari anayeletewa binti mwenye macho ya manjano na karatasi ya majibu hasi, namsihi asimrudishe nyumbani. Ampe rufaa akatolewe hicho kipande cha ini. Prednisoloni huwasaidia wengi wa wenye ugonjwa huo wa kinga, ikianzwa mapema.