Bwana Afya na Bwana Msa

Mwaka juzi, katika darasa moja hapa Shika Adabu, mvulana mmoja aliinua mkono akaniuliza swali ambalo halikuwamo katika somo la siku ile. "Mwalimu," alisema, "mtu hufanyaje hata kitabu chake kikapigwa chapa na jina lake likajulikana?" Wenzake walicheka, kwa kuwa walijua kuwa analo daftari lililojaa hadithi za wezi na wauaji, na kwamba hulificha chini ya daftari la hesabu.

Mimi sikucheka. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu, mimi na wenzangu wawili tulikuwa na daftari kama lile. Tuliandika hadithi ya upelelezi kwa zamu, kila mtu sura yake, tukitumaini kushinda shindano moja la uandishi na kuwa watu mashuhuri kabla ya mtihani wa mwisho. Kwa haraka yetu hapana aliyesoma sura ya mwenzake; basi marehemu wetu, aliyeuawa katika sura ya pili, alionekana katika sura ya tano akivuka kivuko cha Likoni na kikapu cha maembe. Hatukushinda, na sababu yake haikuhitaji mpelelezi.

Swali la mvulana yule nilimjibu kwa habari za mtu mmoja, na habari hizo nataka kuzieleza hapa kwa urefu zaidi kuliko nilivyoweza siku ile kabla ya kengele.

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, kusini ya kisiwa cha Unguja, katika mwaka wa 1918. Alipomaliza shule mwaka wa 1938 aliajiriwa katika idara ya afya, akawa mkaguzi. Yaani alikuwa mmoja wa wale ambao watu wa pwani huwaita mabwana afya. Wasomaji wangu vijana huenda wasimjue bwana afya alivyokuwa zamani zile. Alikuwa mtu wa kuogopwa kidogo na kuchekwa sana. Kazi ya watu kama hao ilikuwa kuingia nyua za watu, kuchungulia visima na mitungi kama mna viluwiluwi vya mbu, kutazama vyoo, kuuliza maswali ambayo mwenye nyumba hapendi kuulizwa, na kusikiliza majibu ambayo mara nyingi si ya kweli. Abdulla aliifanya kazi hiyo miaka kumi. Sina shaka kuwa huko ndiko alikojifunza upelelezi, ingawa yeye mwenyewe wakati ule hakujua kuwa anajifunza.

Mwaka wa 1948 aliiacha, akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Miaka iliyofuata alikuwa mhariri msaidizi katika magazeti ya Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu. Majina haya yafaa yaangaliwe vizuri. Al Falaq lilikuwa gazeti la Jumuiya ya Waarabu; Afrika Kwetu lilisimama upande wa Waafrika. Siasa za Unguja katika miaka ile zilikuwa kali, na uchaguzi wa kwanza ulifanywa mwaka wa 1957. Mtu aliyekaa katika meza za magazeti yaliyoteta yenyewe kwa yenyewe alipata nafasi ya kusikia jambo moja likisimuliwa kwa njia mbili au tatu, na kila msimulizi akiapa kuwa yake ndiyo kweli. Nani atatamani shule ya upelelezi iliyo bora kuliko hiyo?

Sasa natoka Unguja kidogo, kwa sababu mwandishi bila mpiga chapa ni kama nahodha bila chombo. Katika mwaka wa 1948, mwaka ule ule Abdulla aliouingia uhariri, serikali za Kenya, Uganda na Tanganyika zilianzishiwa ofisi moja ya vitabu, East African Literature Bureau, yenye makao yake Nairobi. Ofisi hiyo ilisoma miswada, ilipiga chapa vitabu vya lugha za nchi hizi, na ilifanya mashindano ya uandishi. Lakini mlango wake ulikuwa na kizingiti. Miaka ishirini nyuma, mwaka wa 1928, ulifanywa mkutano papa hapa Mombasa, na mkutano huo ukachagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili cha vitabu na shule. Kimvita, lugha ya mama zetu na ya washairi wetu wakubwa, kilibaki barazani na katika tungo. Kijana wa Mvita aliyetaka kuandika hadithi ilimpasa ajizuie asiandike kama asemavyo. Jambo hili bado huwauma wazee wengi wa Mombasa, nami siwalaumu. Hata hivyo Makunduchi nako wana lahaja yao, mbali na ile ya mjini; kwa hiyo haifai tudhani kuwa kila mtu wa Unguja aliukuta mlango ule umefunguliwa wazi.

Katika shindano la hadithi la mwaka 1957 na 1958 mswada wa Abdulla ulipata zawadi ya kwanza, na mwaka wa 1960 ukatoka kuwa kitabu, Mzimu wa Watu wa Kale. Mtu aitwaye Bwana Ali aonekana ameuawa penye mzimu, na watu wako tayari kuamini kuwa wazimu wenyewe ndio waliofanya. Hapo aingia Bwana Msa, mtu mtulivu mwenye kiko mdomoni, ambaye si askari wala hakimu. Haudharau mzimu mbele za watu, lakini hauulizi neno. Awauliza walio hai. Najum, rafiki yake, hukisia upesi na hukosea upesi. Inspekta Seif ana sheria na pingu, na mara nyingi huwa karibu kumtia pingu mtu asiyehusika. Kicheko cha vitabu hivi chatoka hapo, kwa kuwa msomaji naye hukosea pamoja nao, tena kwa majivuno yale yale. Na ukiziweka pamoja herufi za kwanza za jina la mwandishi, M, S na A, utajua Msa ametoka wapi.

Wahakiki wamemfananisha Bwana Msa na Sherlock Holmes wa Uingereza, na kiko chashuhudia undugu huo. Lakini mimi naona undugu mwingine, wa waandishi wenyewe. Arthur Conan Doyle alikuwa daktari kijana huko Southsea, mwenye wagonjwa wachache na saa nyingi za kungoja. Hadithi yake ya kwanza ya Holmes ilikataliwa na wapiga chapa kadhaa. Aliyekubali alimpa paundi 25, haki zote zikaenda naye, tena akamwambia angoje mwaka mzima. Ilitoka mwaka wa 1887, na umaarufu haukuja mpaka mwaka wa 1891, hadithi fupi zilipoanza kutoka katika gazeti la Strand. Mmoja daktari, mmoja bwana afya: wote wawili walilipwa kwanza kwa kutazama miili na nyumba za watu.

Na zawadi ilimpa nini Abdulla? Haikumpa uhuru wa kukaa nyumbani na kuandika. Mwaka wa 1958 alikuwa amekwisha kuhamia Tanganyika kuhariri Mkulima, gazeti la mambo ya kilimo. Alidumu katika kazi hiyo miaka kumi. Kitabu chake cha pili, Kisima cha Giningi, kilitoka mwaka wa 1968, nao ndio mwaka aliostaafu. Miaka minane mizima kati ya kitabu na kitabu! Baada ya hapo vilifuatana: Duniani Kuna Watu mwaka wa 1973, Siri ya Sifuri mwaka wa 1974, kisha Mke Mmoja Waume Watatu na Mwana wa Yungi Hulewa. Ukihesabu, utaona kuwa vitabu vyake vingi aliviandika mtu aliyepita miaka hamsini, aliyekwisha kupata pensheni yake.

Kwa muda ule wengine walikuwa wameingia njiani. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka wa 1965, na katika miaka ya sabini wapelelezi wa Kiswahili walianza kubeba bastola na kupanda ndege. Bwana Msa hakubadilika. Alibaki na kiko chake na maswali yake, na katika kitabu cha mwaka 1984, Kosa la Bwana Msa, mwandishi alithubutu kulitia neno "kosa" katika jina la kitabu pamoja na jina la mpelelezi wake. Abdulla alifariki dunia mwaka wa 1991.

Mvulana wa Shika Adabu nilimwazima Mzimu wa Watu wa Kale. Alikaa nacho majuma matatu. Alipokirudisha aliniambia kwa haya kidogo kuwa alimshuku mtu asiye, tena mara mbili. Kisha akafungua daftari lake mbele yangu, akafuta sura nzima, akaniomba kile cha Giningi.