Mchezo wa ndege unaokula mega: ni intaneti ya mbio gani inahitajika?

Vijana wanatuuliza swali hili mara na mara: "Nilinunua giga tano, nikafungua ule mchezo wa kuendesha ndege, na mbele ya jioni mega zote zimekwisha. Ni rezo ao ni mimi?" Mara nyingi si rezo, na si wewe. Ni namna mchezo wenyewe umejengwa.

Zamani michezo ya ndege ilikuja yote katika diski. Ukishaiweka kwenye ordinatere, milima, mito na viwanja vya ndege viko pale, hata intaneti ikikatika. Microsoft Flight Simulator ya mwaka 2020, iliyotengenezwa na studio Asobo ya Bordeaux, kule Ufaransa, ilibadilisha hiyo. Picha zake za dunia, zilizotoka kwenye ramani za Bing, zinapita petabaiti 2, ni kusema giga milioni 2. Hakuna ordinatere ya nyumbani inaweza kubeba mzigo huo. Basi zinakaa kwenye masini za Microsoft, na mchezo unavuta tu kile kipande kilicho chini ya ndege yako, wakati unaruka.

Toleo lililotoka tarehe 19 Novemba 2024 lilisukuma mbali zaidi: hata ndege na viwanja vinavutwa namna ile ile. Nafasi inayoombwa kwenye diski ilishuka mpaka giga 50 hivi, lakini mzigo haukupotea, ulihamia kwenye intaneti. Siku ya kwanza watu walikuwa wengi mno, masini zikalemewa, na hata wenye intaneti kali kule Ulaya na Marekani walibaki wakiangalia mstari wa kupakia usiosogea.

Sasa hesabu, juu hapa ndipo wengi wanadanganyika. Mega unazonunua ni megaokteti, zile simu inaandika "Mo". Mbio ya intaneti inapimwa kwa megabiti kwa sekunde, "Mb/s". Okteti moja ni biti 8. Kwa hiyo intaneti ya megabiti 10 haikuletei mega 10 kila sekunde, inakuletea 1,25.

Watengenezaji wa toleo la 2020 waliomba megabiti 5 kwa uchache, 20 ili uone vizuri. Kwa lile la 2024 ni 10 kwa uchache, 50 kwa kuona vizuri, na 100 kwa mwenye kutaka yote. Megabiti 10 zikivutwa bila kupumzika, saa moja ni giga 4 na nusu: forfe yako ya giga tano imebaki mkia tu. Megabiti 50 ni giga 22 na nusu kwa saa. Wakati wa majaribio ya toleo la 2024, kuna waliopima mpaka megabiti 180 kwa sekunde, na hiyo ingekuwa giga 81 kwa saa! Kwa bahati mchezo hauvuti hivyo kila dakika. Unavuta kwa nguvu, halafu unatulia.

Kinachovuta sana ni kuruka chini chini juu ya mji mkubwa uliopigwa picha kutoka pande zote, ambapo kila nyumba imechorwa na umbo lake. Miji hiyo mingi iko Marekani, Ulaya na Japani. Ukiruka toka Goma mpaka Kavumu juu ya ziwa, mzigo ni mwepesi zaidi: maji, vilima, na picha ya setelaiti imelazwa juu yake. Ni kusema, mtu wa kwetu anayependa kuona kwao analipa kidogo kuliko yule anayetaka kuzunguka New York.

Intaneti ikiwa pole, ndege haianguki. Mahesabu ya mabawa na upepo yanafanywa na ordinatere yako. Kinachoharibika ni macho: ardhi inakuwa kama rangi iliyomwagika, nyumba zinayeyuka. Kuchelewa kwa ishara, kama kwenye setelaiti za juu sana, ni shida nyingine. Kunasumbua zaidi ukicheza na wengine kuliko katika kuvuta picha.

Namna ya kupunguza? Katika toleo la 2020, ingia kwenye mipangilio ya data, zima picha za Bing, zima ile miji ya maumbo, zima na wachezaji wengine. Dunia itabaki, lakini iliyochorwa kwa kukisia. Usifute akiba inayowekwa kwenye diski: ukirudi njia ile ile, mchezo unasoma pale mbele ya kuomba mtandao tena. Kuna pia mahali pa kuweka mpaka wa mbio.

Na kwa anayenunua mega kidogo kidogo, maoni yetu ni wazi: toleo la 2024 liache kwanza. X-Plane inaweka mandhari kwenye diski; unaipakua mara moja, halafu unaruka bila intaneti. FlightGear ni ya bure kabisa, na si lazima ordinatere iwe ya nguvu sana. Sura yake si nzuri sana, tukubali. Tafuta Wi-Fi ya rafiki, pakua usiku kucha, na ukirudi nyumbani zima data ya simu mbele ya kuwasha injini.