Kanga, Sare na Jukwaa la Pemba

Wengi huanza kuhesabu historia ya maonyesho ya mavazi Afrika Mashariki pale palipo na jukwaa, taa na wanamitindo, kama katika Swahili Fashion Week aliyoianzisha Mustafa Hassanali jijini Dar es Salaam mwaka 2008. Kwa hesabu hiyo Fundo, kisiwa cha wavuvi kinachotazamana na Wete upande wa kaskazini magharibi mwa Pemba, hakina lolote la kusimulia. Lakini visiwani humu vazi lilikuwa likionyeshwa kwa makusudi, mbele ya macho yaliyojua kulipima, karibu karne nzima kabla ya hapo. Tena walioanzisha maonyesho hayo ni watu waliokuwa wamenyimwa haki ya kuchagua nguo.

Zama za utumwa nguo ilitangaza daraja la mtu kabla hajafungua kinywa. Mtumwa alijifunga merikani, kitambaa kigumu kilichoanza kuletwa na merikebu za wafanyabiashara wa Salem, Marekani, au kaniki iliyotiwa nili. Kufunika kichwa na kuvaa viatu mbele ya bwana wake lilikuwa kosa. Amri ya kukomesha utumwa Unguja na Pemba ilitoka Aprili 1897, ingawa masuria waliachwa nje yake hadi 1909. Wakati huo kanga ilikwisha kuingia madukani. Pemba, ambako mikarafuu ilinusurika na kimbunga cha 1872 kilichoangamiza mashamba ya Unguja, msimu wa karafuu ulileta fedha mkononi, na sehemu ya fedha hizo ikaishia kwenye doti mpya ya kanga. Mwanamke aliyetupa kaniki akajitanda kanga alikuwa akiutangazia umma kwamba daraja lake la jana limefutwa. Tangazo kama hilo halina maana bila watazamaji. Ndiyo maana ngoma, sikukuu na harusi zikawa mahali pake.

Atakuwepo wa kusema kwamba sanaa hii si yetu, kwa kuwa kanga zilichapwa Manchester, Uholanzi, baadaye India na Japani. Ni kweli kuhusu mashine tu. Pindo, mji (sehemu ya kati) na jina (maandishi ya kanga) viliamuliwa na wanunuzi wa pwani: mtindo uliokataliwa na wanawake ulimdodea mwenye duka, na wafanyabiashara kama Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye kanga zake zilijulikana kwa chapa ya Mali ya Abdulla, walitajirika kwa kusikiliza wateja wanasema nini. Wengine wataitaja ngoma ya beni, na sare zake za kijeshi na vyeo vya kizungu, waseme ni uigaji mtupu. Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975 kuhusu ngoma hizo, alionyesha kwamba beni ilipandwa juu ya mashindano ya mitaa yaliyokuwepo pwani kabla ya Mzungu kufika. Waliazima koti, ugomvi ulikuwa wao.

Pingamizi lililo zito zaidi ni la gharama. Vyama vya lelemama, ngoma ya wanawake, vya Mombasa vilishindana kwa mavazi hata masheikh wakakemea, na sidhani kwamba walikemea bure, maana kushindana kwa nguo humuumiza zaidi asiyenacho. Ila lawama hiyo yenyewe ni ushahidi, kwani hakuna mtu angekopa kwa ajili ya nguo isiyotazamwa. Harusini Pemba sare bado huchaguliwa kwa mashauriano, na asiyevaa huulizwa yu upande gani. Kisiwa kama Fundo hakihitaji ukumbi kwa jambo hilo. Ua wa bibi harusi unatosha, na wanaokaa mikekani humo hujua bei ya kila doti, nani kaishona vibaya, na jina lililoandikwa chini ya mji limekusudiwa nani.