Uvimbe wa Taya Ulioshinda Kisu

Joto, mvua na mbu havijawahi kuwa haba katika Bonde la Kilombero. Kuanzia Ifakara, mji ulio chini ya mita 300 kutoka usawa wa bahari, hadi Mlimba, ambako reli ya TAZARA hujiandaa kupanda milima kuelekea Makambako, mkulima wa mpunga huishi na vyote vitatu. Miaka ya 1960 vitu hivyo hivyo ndivyo vilivyowafumbua macho madaktari kuhusu uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Afrika Mashariki. Kwa muda mrefu uvimbe huo ulidhaniwa kuwa ugonjwa wa mfupa, ukakatwa kama ugonjwa wa mfupa, na watoto wakaendelea kufa.

Haukuwa mgeni. Albert Cook, aliyeanzisha hospitali ya Mengo, Kampala, mwaka 1897, aliacha kumbukumbu za wagonjwa wenye uvimbe wa taya. Zamani zaidi kuna taya la Kanam, lililopatikana mwaka 1932 karibu na Ziwa Victoria nchini Kenya na Juma Gitau, mmoja wa wasaidizi wa Louis Leakey. Kidevu chake kina kinundu ambacho wataalamu wamekibishania kwa miongo kadhaa: wengine waliona saratani ya mfupa, wengine kovu la mfupa uliovunjika ukaunga.

Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell kumtazama mtoto aliyevimba taya la juu na la chini, kulia na kushoto. Jambo hilo lilimshangaza, kwa kuwa si kawaida ya saratani ya mfupa kuzuka pande nne kwa mpigo. Muda mfupi baadaye, huko Jinja, akamwona mtoto mwingine mwenye uvimbe ule ule. Akaanza kufukua majalada ya hospitali.

Kukata taya hakukusaidia. Mtoto alibaki na sura iliyoharibika, na uvimbe ukarudi. Maiti zilipochunguzwa, uvimbe wa namna ile ile ulionekana kwenye figo, ini na viungo vingine. Mwaka 1958 Burkitt alichapisha maelezo yake akiuita sarkoma ya taya. Baadaye wanapatholojia wa Kampala, Gregory O'Conor na Jack Davies, waliutazama kwa hadubini wakathibitisha kuwa ni limfoma, yaani saratani ya chembe za kinga ya mwili. Kumbe taya lilikuwa mahali ilipojitokeza tu. Chanzo chake hakikuwa mfupa.

Hapo Burkitt alifanya jambo ambalo madaktari wa upasuaji hawalifanyi mara nyingi: aliweka kisu chini akachukua ramani. Alituma vipeperushi vyenye picha kwa hospitali nyingi za Afrika, akiuliza nani amewahi kuona uvimbe kama huo. Oktoba 1961, akiwa na madaktari Ted Williams na Cliff Nelson, aliondoka Kampala kwa gari lililokwishatumika, wakapita Tanganyika na kuendelea hadi Afrika Kusini. Walisafiri takriban kilomita 16,000 na kufika kwenye hospitali zaidi ya 50.

Ramani iliyopatikana ilieleweka kirahisi. Uvimbe ulikuwepo penye joto na mvua ya kutosha, ukatoweka kwenye nyanda za juu zenye baridi. Huo ulikuwa mpaka wa mbu. Unguja na Pemba, ambako malaria ilikuwa ikipigwa vita vikali, ulikuwa adimu ingawa joto na mvua vilikuwepo. Mwaka 1964, huko London, Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong waligundua kirusi ndani ya chembe za uvimbe uliotoka Uganda. Baadaye ikaeleweka kwamba kirusi hicho, ambacho karibu kila mtu hukipata, huwa hatari zaidi kwa mtoto anayeshambuliwa na malaria mara kwa mara.

Tiba nayo ikabadilika. Burkitt huko Kampala na Peter Clifford huko Nairobi walijaribu dawa za saratani, na uvimbe uliovishinda visu ukanywea ndani ya siku chache. Baadhi ya watoto walipona kabisa. Mwaka 1967 Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa, ikianza na ugonjwa huu.

Kilombero ilishika upande mwingine wa vita. Mwaka 1957, mwaka ule ule wa mgonjwa wa Mulago, Rudolf Geigy kutoka Uswisi alifungua maabara Ifakara, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Kati ya 1996 na 2000 mradi wa KINET ulisambaza vyandarua vyenye dawa vya Zuia Mbu katika wilaya za Kilombero na Ulanga, na uwezekano wa watoto wadogo waliovitumia kubaki hai ukaongezeka kwa asilimia 27. Mradi huo ulipambana na malaria. Saratani haikuwa shabaha yake, lakini malaria ndiyo inayoifungulia njia.

Kisu hakijastaafu. Osteosarkoma, saratani ya mfupa wenyewe ambayo huwapata zaidi vijana karibu na goti, bado huhitaji upasuaji pamoja na dawa. Ndiyo maana utambuzi hutangulia: picha ya eksirei, kisha kipande kidogo cha nyama kwa hadubini. Kwa uvimbe wa Burkitt kazi ya daktari wa upasuaji karibu huishia kwenye kipande hicho. Chembe zake huweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili, na dalili ya kwanza yaweza kuwa magego yanayolegea kwa mtoto ambaye bado hajafikia umri wa kung'oka meno hayo. Mzazi wa Mlimba anayeona hivyo, na shavu likaanza kujaa, ana sababu ya kwenda hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, wiki hiyo hiyo, ili rufaa ya Dar es Salaam, ikihitajika, iandikwe mapema.