Kijiji Nyuma ya Nagano

Sisi wa Newala tukiwa Dar tunasema tunatoka Mtwara, yaishe. Labda ndiyo maana nasoma habari za Philip Boit kwa jicho jingine. Februari 12, 1998, Mkenya huyu, mkimbiaji wa mita 800 aliyejifunza skii ukubwani, alimaliza wa 92, wa mwisho, kwenye kilomita 10 za Olimpiki ya Majira ya Baridi. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alimsubiri kama dakika 20 ili amkumbatie. Baadaye Boit akamwita mwanawe Dæhlie.

Wote tunasimulia kwamba ilikuwa Nagano. Kumbe ni Hakuba, kijiji cha milimani ndani ya mkoa huo. Mji mkubwa ulichukua jina. Theluji (siyo kibaridi chetu cha Juni pale Shimo la Mungu!) ilikuwa ya Hakuba, na waliomshangilia mgeni wa mwisho walisimama Hakuba.